Kinyago Nilichovaa Kihesa

Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Mimi, mtu mzima mwenye cherehani, niliyepewa kipaimara mbele ya kanisa zima kule kwetu Ilomba, niliwahi kujifunga kitambaa cheusi usoni na joho mgongoni, nikajificha kwenye miti ya miwati ya Kihesa nikingoja kumwokoa msichana ambaye hakuwa na haja ya kuokolewa. Aibu yake bado ninayo. Ikinijia nikiwa nashona suruali ya mtu, nasimamisha cherehani kwanza mpaka ipite.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa Iringa, nashona barazani kwa Mhindi mmoja pale Mlandege, Mnyakyusa peke yangu katikati ya Wahehe, nimezoea kuitwa fundi na kutaniwa kwa kupenda ndizi. Hapo ndipo nilipomjua Yustina, binti wa mzee Chengula wa Kihesa, nje kidogo ya mji, aliyeleta koti la baba yake nilitie kiraka (kiraka cha nusu saa, mimi nikakifanya kazi ya wiki nzima, kila akija namwambia bado kidogo). Alikuwa msichana wa maneno machache. Akinisalimia "kamwene, fundi" anasimama kidogo kabla ya kuondoka, na mimi hicho kisimamo chake ndicho nilichokuwa nakula na kunywa.

Basi nikatuma salamu nyumbani kwa baba mdogo Asajile, aliyenilea tangu baba alipofariki, aje awe mshenga wangu. Nikamwelekeza kabisa kwamba huku kwa Wahehe mtu haendi kuposa mikono mitupu, aje na jembe jipya, lifungwe vizuri kwenye kitambaa. Akajibu atafika Jumamosi. Mzee Chengula naye nilishapenyeza habari kwake kupitia kwa mwinjilisti wa kanisa lao, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kungoja tu, na ndicho kilichonishinda.

Kilichoniharibu ni sinema. Kulikuwa na ukumbi mjini uliokuwa ukionyesha picha moja kwa vipande, wiki hii kipande, wiki ijayo kipande, habari za fundi saa mmoja mpole, hana makuu, wateja wanamdharau, lakini jua likizama anavaa kinyago cheusi na joho, anawapiga majambazi mpaka wanaomba mama zao, na kuna bibi mmoja mzuri anampenda yule wa kinyago bila kujua kwamba ndiye fundi anayemtengenezea saa. Maneno yalikuwa ya kigeni, hatukuyaelewa hata moja. Alikuwepo mzee aliyewahi kuwa askari Burma, yeye ndiye alikuwa anatufasiria kwa sauti, na nadhani nusu yake alikuwa akibuni. Mimi nilikuwa nakaa mbele kabisa, na nikitoka mle nje natembea kifua mbele mpaka Mlandege. Fundi saa, fundi nguo, niliona tofauti ni ndogo.

Sasa Yustina siku moja akaniambia, akicheka, kwamba kuna karani wa bohari aitwaye Pius anamngoja njiani akitoka kuteka maji, anamsumbua kwa maneno ya kizungu. Alilisema kama mtu anavyosema kuna mbwa anabweka. Mimi nikasikia jambazi. Na mezani kwangu kulikuwa na kipande cha bitana nyeusi kilichobaki kwenye koti la mteja. Nikakikata kinyago na joho. Nilijiambia, kabla baba mdogo hajafika, acha huyu binti anione mimi ni nani, halafu siku ya posa nimnong'oneze kwamba yule wa kinyago ndiye huyu.

Ijumaa jioni, jua likishuka na baridi ikianza kuuma, nikaenda Kihesa, nikavaa kinyago na joho, nikajificha miwatini karibu na njia ya kijitoni. Yustina akaja na debe la maji kichwani, Pius nyuma yake akizungumza (baadaye nilijua alikuwa anauliza mazoezi ya kwaya ni lini). Nikaruka kutoka vichakani, nikatanua joho kwa mikono miwili, nikanguruma. Pius alipiga ukelele mmoja tu, "Chinjachinja!", akatimua mbio na kiatu kimoja.

Nilifurahi, jamani. Nikamgeukia Yustina nikamfungulia mikono, maana kwenye picha yule bibi hapo ndipo anapokuja kifuani. Yustina alinitupia debe lenye maji yake yote, likanitua mguuni, naye akakimbia akilia na kuanguka na kuinuka, anaita baba yake.

Nyie mliokuja juzi hamjui hofu tuliyokuwa nayo wakati ule. Kila mtu aliamini wapo watu wanaolipwa wakamate wenzao na kuwatoa damu, tulikuwa tunawaita chinjachinja, na watoto walikuwa hawatumwi dukani giza likiingia. Mimi niliyeamini kama wao, niliyekimbia mara nyingi tu gari nyekundu tulizosema ni za kubebea damu, sikukumbuka hata kidogo kwamba mtu aliyeziba uso na kuvaa joho akitokea kichakani jioni, Kihesa hawatamwita shujaa. Yowe likapigwa, likapokewa kila mji. Na yowe likipigwa, mwanamume lazima atoke na fimbo, asiyetoka ndiye mwenzake mwizi. Nikavua kinyago na joho, nikavisokomeza ndani ya shati, nikaokota fimbo, nikaingia kundini nikichechemea. Naam, nilikuwa najitafuta mwenyewe. Mtu mmoja akanigonga bega akasema, "Safi fundi, umetoka mbali kutusaidia."

Tukasikia kelele upande wa barabara. "Tumemkamata! Mgeni! Ana chuma!"

Tulipofika walikuwa wamemzunguka, fimbo zinapanda na kushuka. Aliyekuwa chini alivaa kabuti refu la jeshi, na pembeni yake lilikuwa jembe jipya, limetoka kwenye kitambaa, mtu analiinua juu na kusema hiki ndicho cha kuchinjia. Walikuwa wamemsalimia kamwene, akajibu "ndaga, ndaga", yaani asante kwa kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Nilipomsikia akilia kwa Kinyakyusa niliijua sauti. Alikuwa baba mdogo Asajile. Alipata nafasi kwenye lori la viazi akafika siku moja kabla, akaniulizia Mlandege, majirani wakamwambia nimeelekea Kihesa, akanifuata.

Nikajipenyeza nikamlalia juu. Fimbo moja ikanipata shingoni.

"Acheni! Ni baba yangu mdogo!"

"Kumbe mko wawili!" akasema mmoja.

"Hakufanya kitu! Aliyetokea kijitoni ni mimi!"

Hawakuniamini. Mwingine alisema fundi amechanganyikiwa, mtoeni. Mzee Chengula akainua mkono kuwazuia, akaniuliza, "Wewe? Yustina anasema lilikuwa jitu kubwa, halina uso."

Basi nikaingiza mkono kwenye shati, nikatoa ile bitana. Nikajifunga kinyago mbele ya kijiji kizima, nikavaa na joho, na ili waamini nikalitanua na kunguruma vilevile. Sauti ilitoka kama ya mbuzi. Wanakwaya walikuwepo, mwinjilisti alikuwepo, Pius alikuwepo na kiatu chake kimoja, na mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo.

"Ulikuwa unatafuta nini?" mzee Chengula akauliza.

"Nilitaka anipende, baba."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wangecheka. Mzee aliliokota jembe, akaliangalia, akaelewa ni la nini na lilikuwa linakwenda kwa nani, akaliweka chini polepole. Akasema, "Mbebeni huyu mzee," akageuka akaenda zake.

Tulimbeba baba mdogo kwenye kitanda cha kamba mpaka hospitali, wale wale waliompiga ndio waliombeba, mmoja wao akilia waziwazi. Mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye kiwiko na haukunyooka tena. Ni mkono aliolimia akanisomesha. Nilipomwomba radhi akaniuliza, "Na huyo binti, aliumia?" Ndilo swali lake la kwanza.

Yustina alikuja pale wodini baada ya siku chache, magoti yamefungwa bandeji, amebeba uji kwenye kibuyu. Alipiga magoti hivyo hivyo kwa maumivu, akamsalimia baba mdogo, akamnywesha taratibu, akamwita baba. Mimi nilisimama dirishani nikidhani labda, labda bado. Alipomaliza akanifuata nje.

"Fundi," akasema, "baba alishakubali. Mama alishasaga unga wa wageni."

"Yustina..."

"Lile koti halikuwa na haja ya wiki nzima. Nilikuwa najua. Nilikuwa nakuja hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa namtaka yule anayenidanganya kwamba kiraka bado." Macho yake yalijaa maji, akayafuta kwa kiganja. "Yule wa vichakani simjui. Nikikutazama sasa namwona yeye, naogopa. Siwezi."

Akaondoka na kibuyu chake, akipanda kilima kwa kuchechemea.

Nilimrudisha baba mdogo Ilomba, nikaweka cherehani huko huko, nikamlimia shamba lake mpaka alipotutoka. Sinema sijaingia tena. Na nikiwa na neno na mtu namwendea mchana, uso wazi, nguo zangu za kazi na futi yangu ya kupimia shingoni, namwambia, na akikataa narudi kushona.