Kipande cha Buluu

Watoto wangu wa shule ya chekechea hapa Kindu waliponiona nikiweka sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, mmoja akauliza, "Madamu, tunapika sombe?" Mwingine akasema nimesahau chumvi ya mboga. Nikawaambia wafunge hivyo vidomo, wakae nyuma ya mstari wa chaki, asiyesikia atarudi kwao. Wananijua: kelele nyingi, fimbo hakuna.

Tulikuwa tunapika rangi. Zile rangi za nta zikiwa fupi hata hazishikiki, nilikuwa nawakataza kuzitupa. Tulizimenya karatasi, tukazitia ndani ya mikebe ya sadini, mikebe tukaiweka kwenye maji ya moto. Nta inayeyuka, ikipoa unapata rangi mpya nene. "Kitu kuzeeka si kufa," niliwaambia. "Kila mtu alete kipande chake."

Wote walileta, ila msichana mmoja wa miaka mitano. Alikuwa amekunja ngumi juu ya kipande cha buluu, kifupi kama kidole chake. Mama yake alimnunulia rangi zile asubuhi aliyopanda boti kwenda Ubundu kuuza mchele. Boti zimerudi mara nyingi, yeye bado. Mtoto analala kwa bibi yake.

"Leta, mama," nikamwambia.

"Hapana. Mama akikuya atakuta nini?"

Jamani! Swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe wakati wa vita, nikiwa mdogo kama yeye. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Aliondoka na treni, vita ikakata njia, akabaki huko. Nguo hazikuwa zinaingia Kindu tena, na gauni langu lilikuwa limechanika mgongo mzima. Siku moja mama akatoa shati la kazi la baba, akalitia mkasi. Nilijitupa chini nikalia: baba akirudi atavaa nini? Niliona kama anamuua.

"Shati linalala ndani ya sanduku, na wewe unatembea mugongo wazi," mama alisema. "Baba yako angekubali?" Akanishonea gauni. Ila mfuko wa kifuani hakuukata. Aliuacha mzima, ukakaa kifuani kwangu.

Nilimsimulia mtoto yote hayo nimechuchumaa, nta inanuka nyuma yangu. Akaniuliza, "Na baba yako alikuya?"

Ningeweza kudanganya. Sisi wakubwa tunawadanganya watoto, halafu tunasema ni huruma.

"Hapana, mama. Hakukuya."

"Na mufuko?"

Nikamwonyesha kifua cha aproni yangu. Mfuko huu wa chaki, uliopauka, ambao watoto wanauchokonoa kila siku wakitafuta bonbo na peremende, njo ule wa shati la baba. Aliugusa kwa kidole. Kisha akaitia rangi mdomoni, akaiuma katikati. Nusu akaitupa ndani ya mkebe, wenzake wakapiga makofi. Nusu ya pili akaitia mfukoni mwangu.

"Unichungie," akasema.

Nilimpenda mtoto yule.

Nusu hiyo iko humu mpaka leo, imechafuka chaki. Boti ikipiga honi bandarini, darasa linaendelea kuimba. Yeye anageukia mlango, na mimi naushika mfuko.