Baba Alibaki Nje Kwenye Benchi

Leo baba yangu katolewa damu kwa ajili ya saratani ya matiti. Msicheke kwanza!

Tangu dada Anna augue titi, mzee anasema ugonjwa umetoka ukoo wa mama. Kwa hiyo wataalamu wa saratani za kurithi walipotuita hospitali hapa Sumbawanga, aligoma kuingia.

"Hayo mambo ya wanawake."

Nesi akamfuata nje.

"Shikamoo baba. Una dada?"

"Walikuwa wawili, kule Mpui."

"Walifariki kwa ugonjwa gani?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Matiti."

Nesi akamweleza taratibu kwamba hata baba anaweza kumrithisha binti yake hatari ya saratani hiyo, na kipimo cha damu ndicho huonyesha.

Mzee akakunja mkono wa shati mwenyewe. Baba zenu wangekunja?

Mama, mlaumiwa wa miaka yote, alimshikia kofia tu.

"Karibu kwenye mambo ya wanawake, Baba Anna."