Gorogoro ya Nyanya

Juzi nilishuka Busia kununua mahindi, maana huku Tororo bei ilikuwa imenishinda. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, aliweka mfuko juu ya mizani ya umeme, akaona namba imezidi kidogo, akachota punje chache kwa vidole na kuzirudisha guniani. Hakukosea. Alinipa changu, akabaki na chake. Lakini, rafiki yangu, niliondoka pale moyo mzito, kwa sababu nilimkumbuka nyanya yangu.

Nyanya alikuwa na shamba dogo Bulumbi na turubai lake la kuuzia katika soko la Busia, karibu kabisa na mpaka, ambapo Wakenya walivuka kila asubuhi kutafuta nafaka. Likizo zangu zote niliishi kwake. Tulipepeta tangu alfajiri, yeye akiimba nyimbo za kanisa, mimi nikichagua mawe na kupiga chafya kwa vumbi. Sokoni tulikunywa chai ya rangi kwa muhogo wa kuchemsha, harufu ya mukene, wale dagaa wa ziwani waliokaushwa, ikitufuata mpaka kwenye kikombe.

Mahindi yalipimwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia. Nyanya alichota, akalitikisa kopo ili punje zishikane, akajaza tena mpaka zikaporomoka pembeni. Kwake Maandiko hayakuwa mambo ya Jumapili. Aliamini yaliandikwa hasa kwa ajili ya watu wanaouza.

“Bwana anaangalia kopo hili,” alikuwa akiniambia.

Jirani yetu wa turubai la pili, mama mcheshi niliyempenda sana, alikuwa na gorogoro iliyogongwa kitako kwa jiwe hadi kikaingia ndani. Ukiitazama kwa nje, kopo ni kopo. Wengi sokoni walifanya hivyo, na wanunuzi walijua. Kwa kopo lile aliweza kushusha bei kidogo, na mwaka ule mvua ilipokataa, watu hawakuuliza kitu kingine ila bei. Walifika kwa nyanya, wakauliza, wakaguna, wakahamia kwa jirani.

Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya kipimo cha haki. Alimtaja nyanya palepale madhabahuni, kanisa likapiga makofi. Nyanya aliinamisha kichwa, lakini niliona alivyofurahi. Mimi ndiyo usiseme. Nilijua kesho yake tutauza mpaka turubai libaki tupu.

Kesho yake mke wa mchungaji alikuja na kikapu. Alimpigia nyanya magoti, akamsalimu vizuri, akamsifu kwa mfano wake mwema. Kisha akainuka, akaenda kununua kwa jirani.

Hata jirani aliona aibu. Alituletea andazi, akachuchumaa mbele ya nyanya, akamwambia kwa Kiswahili chake cha mpakani:

“Mama, gonga kidogo tu. Wewe nauza mahindi ama nahubiri? Huyu mtoto nakula nini?”

“Nikigonga nitakula,” nyanya akamjibu. “Lakini nitaomba kwa mdomo gani?”

Tulirudi nyumbani na magunia yaleyale, wiki baada ya wiki, mpaka fukusi wakayaingia. Uji ukawa hauna sukari, halafu ukawa mwepesi. Mwishowe nyanya alishindwa kulipia nafasi yake, akakunja turubai, na mtu mwingine akatandika la kwake kabla jua halijawaka. Tangu siku ile sikumsikia tena akiimba wakati wa kupepeta. Nilikuwa na hasira, na sitakuficha, bado ninayo. Siku nyingine namkasirikia yeye kwa ukaidi wake. Siku nyingi nawakasirikia wengine.

Sasa gorogoro zinakwisha, mizani imeingia, na watu wanasema biashara imenyooka. Labda ni kweli. Kupunja kumekuwa kugumu, na ile nyongeza ya juu ya kopo nayo imeondoka, hakuna anayeililia. Nadhani hata wakati ule haikuwa na wenyewe.

Nyanya alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata. Soko zima lilikuja Bulumbi kumzika. Jirani alileta gunia la mahindi, akawapimia wapishi kwa kopo lake lilelile, akilia machozi ya kweli. Mchungaji alisimama akasema marehemu alikuwa taa kwa wafanyabiashara wote wa mpakani.

“Si mnaijua gorogoro yake?” akawauliza waombolezaji.

“Tunaijua!” wakaitikia kwa sauti moja.

Nilikuwa nimeketi mkekani, karibu na jeneza. Niliwatazama mmoja baada ya mwingine, wale wa kanisani na wale wa sokoni, nikimtafuta aliyenunua kwetu mwaka ule. Sikumwona.