Mashudu kwa Mzee Aliyeibiwa

Shule niliacha darasa la tano. Nikachunga ng'ombe wa watu, nikauza mafuta ya alizeti kwa madereva wa malori pale Shelui, na leo mashine ya kukamua hapa Iguguno ni yangu. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji aliponiuliza kama nitampokea jamaa aliyetoka gerezani kwa wizi wa ng'ombe, sikuhitaji semina. Nilimpa chumba nyuma ya mashine, nikampa na buti, nikamwambia kesho kazini.

Kazi aliiweza. Tatizo lilikuwa salamu. Mzee aliyeibiwa wale ng'ombe ni mteja wangu, na kila jamaa alipomwamkia, mzee aligeuza uso. Hapa kwetu, mtu ambaye shikamoo yake haiitikiwi ni kama bado yuko ndani. Wengine wakaiga, mikokoteni ya alizeti ikaanza kunipita kwenda mashine ya jirani. Jamaa akasema bora ahamie mjini, Mandewa huko, asikojulikana. Nikamwambia anayefukuza watu hapa ni mimi, na sijamfukuza.

Kiangazi kikakaza, majani yakaisha. Mzee akatuma mtu kutaka mashudu, yale makapi ya alizeti tunayolishia ng'ombe. Mke wangu akanisihi nimtume mwingine. Mimi nikamtwika jamaa gunia, nikabeba jingine mwenyewe, na umri huu, tukaenda.

Kwenye lango la zizi jamaa akasimama na gunia lake kichwani.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alikuwa ndani na wanawe. Alimtazama kwanza.

"Mbona umesimama? Siku ile hukungoja kufunguliwa."

Wanawe wakacheka. Nikadhani jamaa atatupa gunia akimbie, na hapo ningekuwa nimempoteza.

"Siku ile sikupiga hodi, mzee," akasema. "Leo napiga."

Kicheko kikakatika. Mzee akaondoa gogo la langoni.

"Marahaba. Ingiza, hori liko kule."

Alisimama akimwangalia mpaka mashudu yakamwagwa yote. Tulipotoka alirudisha gogo kwa mkono wake, akalitikisa kuona kama limeshika. Sikuona ubaya, hata mimi ningelitikisa.

Njiani jamaa alikunja gunia lake tupu, akalitia kwapani. Nilimwambia alale mapema, kesho mikokoteni itakuja. Na ikaja.