Kumchukua Shemeji Yangu Kindu

Tangazo lilitoka kwenye redio niliyokuwa nimeifungua mezani kuitengeneza. Wakati huo wa vita tuliishi katika mji mdogo wa Kama, mimi na mke wangu, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio za wachimba dhahabu. Shule niliiacha darasa la sita. Ufundi niliupata kwa kufungua na kufunga, na Kifaransa kwa kamusi iliyopoteza jalada. Nilipounganisha waya wa spika, sauti ilisema kwamba wapiganaji wa msituni, wale wa dawa ya maji ya kuzuia risasi, watatoka na kuweka silaha chini Kindu, katika uwanja wa mpira, mbele ya mawaziri kutoka Kinshasa. Jambo la namna hiyo hatukuwa tumeliona. Nilingoja lirudiwe kwa Kiswahili ili niwe na hakika ya siku.

Mke wangu hakuuliza habari za mawaziri. Aliuliza, "Kundi la wapi?"

Mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliingia msituni miaka mitatu kabla, wiki ile askari walipochoma shamba lao la mpunga. Mchuuzi mmoja wa chumvi alituhakikishia kuwa yumo katika kundi litakalotoka. Mke wangu alitaka jambo moja tu: akishaweka bunduki na jina lake likishaandikwa, arudi nyumbani pamoja nasi.

Watu wa dawa wana miiko, na kila mtu mkoani Maniema aliijua. Mpiganaji hamgusi mwanamke. Hali kitu kilichoguswa na mwanamke ambaye bado ana umri wa kuzaa. Mwanamke akimgusa, dawa imekufa, na lazima arudi kwa mganga kuoshwa upya kabla ya kusimama tena na wenzake. Kama mimi niliamini au sikuamini si muhimu. Shemeji aliamini, na wakubwa wake pia.

Kwa hiyo tulipanga. Chakula cha kumpelekea kilitayarishwa na shangazi yake mzee: karanga za kukaanga, samaki mkavu, unga wa muhogo. Alikifunga yeye mwenyewe kwa majani. Mimi nilikifunga juu ya baiskeli, pamoja na mkeka na sufuria yetu, ili mke wangu asiwe na sababu ya kugusa mzigo hata kwa bahati mbaya. Nilisukuma baiskeli siku nne, yeye akatembea kando, mikono mitupu.

Katika njia zetu mwanamke ndiye mwenye kikapu mgongoni, kwa hiyo tulichekwa karibu kila kijiji. Karibu na Kalima tulipishana na wanawake watatu wakitoka shambani.

"Ee papa," mmoja aliniambia, kwa "njo" yetu ya kusema "ndiye", "njo weye uliolewa?"

"Njo mimi nilimutolea mahari," mke wangu akajibu. "Mbuzi mbili."

"Mbuzi mbili kwa huyu? Walikuibia, mama."

Mmoja alilazimika kutua kikapu chake kwa kucheka. Mke wangu pia alicheka, na hilo nalikumbuka kwa sababu njiani hakucheka tena.

Kwenye kizuizi cha askari aliambiwa afungue mzigo. Akainua mikono, akarudi nyuma.

"Papa atafungua."

"Kwa nini hapana weye?"

"Mikono yake iko na vidonda," nilisema. Kuwaambia kwamba tunakwenda kumchukua mtu wa msituni kusingekuwa busara. Nilifungua mwenyewe. Walikula karanga kiasi, wakatuacha.

Siku ya nne tulifika Alunguli, tukavuka mto Lualaba kwa mtumbwi, tukaingia Kindu. Mji ulikuwa umefungwa na vita muda mrefu; watu walikuwa wamelima muhogo hadi mlangoni, kwa kuogopa kwenda mashambani. Asubuhi iliyofuata tulikuwa uwanjani kabla ya jua kupanda. Kamba ilikuwa imevutwa kuzunguka sehemu ya wapiganaji, na mtu mwenye kipaza sauti alirudia: asiyekuwa wao asivuke, asimguse mtu.

Walikuja wakiimba, majani vichwani. Shemeji alisimamishwa safu ya nje, hatua mbili kutoka kamba yetu. Alikuwa amekonda, na shingo yake imekuwa ndefu kama ya mtu mwingine.

"Yaya," alimwambia dada yake bila kugeuza kichwa, "musisogee."

"Hatusogei."

"Nasikia shemeji njo alibeba vitu. Sasa kwenu weye njo shefu?"

"Njo vile. Utakuja kuona."

Aliuma mdomo asicheke. Niliweka mzigo chini ya kamba upande wake, akausukuma kwa mguu nyuma yake. Hakula. Walikuwa wamekatazwa kula na kunywa mpaka silaha ziwe chini.

Ndege ya mawaziri ilichelewa. Adhuhuri ikapita, nao wamesimama juani. Ndege ilipofika kulikuwa na hotuba, kisha hotuba ya kutafsiri hotuba. Hatimaye karani aliketi mezani, safu ikaanza kusogea: bunduki chini, jina kwenye daftari, hatua moja pembeni. Nilihesabu. Watu kumi na mmoja walibaki mbele ya shemeji, kisha tisa. Hapo waziri mwingine aliomba neno, na karani akaweka kalamu chini.

Niliona shemeji akifumba macho. Aliyumba upande wetu.

"Mushike," nilisema.

Mke wangu alimdaka kwapani, juu ya kamba, akamshikilia.

Watu waliokuwa karibu walirudi nyuma. Shemeji alifumbua macho, akatazama mikono ya dada yake kifuani mwake, akajitoa polepole. Hakukasirika. Alisema tu, "Yaya," kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitu kilichovunjika.

Mtunza dawa wao alikuja, kijana kuliko mimi, mwenye adabu. "Huyu hawezi kubakia na wenzake," alisema. "Anarudi kuoshwa. Atatoka na kundi la pili."

Nilikwenda mezani kwa karani, nikamwomba aandike jina kwanza.

"Papa, muntu aje mwenyewe na silaha yake."

"Yuko pale. Unamuona."

"Namuona. Aje."

Walipomtoa kupitia nyuma ya jukwaa, yeye na wasindikizaji wawili, waziri alikuwa bado anasema. Mke wangu alisimama na mikono yake mbali na mwili, kama imelowa.

Kundi la pili halikutoka.

Tulihamia Kindu ili tuwe karibu na habari. Sasa natengeneza simu. Kila kundi lilipotangazwa kutoka, popote, tulikwenda kusoma orodha. Mwaka jana mmoja wa wasindikizaji wale wawili alisimama mbele ya meza yangu akiwa juu ya pikipiki, bila kuzima injini. Alisema walitembea siku sita hadi kwa mganga, wakakuta nyumba zimechomwa na mganga hayupo. Wakatawanyika. Shemeji alichukua njia peke yake, kwa sababu hakutaka kuwatia wenzake hatarini akiwa katika hali ile. Hakujua zaidi.

Wiki hiyo nilimwuliza mke wangu neno ambalo sikuwa nimeliuliza kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Siku ile, ulinisikia nikisema umushike?"

Alikuwa anachagua mawe katika mchele. "Nilikuwa nimeisha kumushika."

"Mbele niseme? Kabla ya neno langu?"

"Mbele useme."

Sikubishana. Nimejaribu mara nyingi kupanga mambo yale mawili kwa utaratibu aliousema yeye, neno langu na mikono yake, kama ninavyopanga vipande vya kifaa kabla ya kukifunga. Kila mara neno linatangulia mikono, na kabla ya neno kuna nafasi ya kutosha kwa mtu kufunga mdomo wake.