Daku la Samaki wa Chumvi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Jua la mchana lilikuwa linachoma mabati ya nyumba za polisi pale Bwera, na baba yako yuko mapajani mwangu, mtoto wa miezi mitatu. Ananyonya, anaachia, analia, anashika tena, analia zaidi. Nikajikamua, hakuna kitu. Nikambadilisha upande, hakuna kitu. Nikamtazama naye akanitazama, na kati yetu wawili hakuna aliyejua la kufanya.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia kwamba una mtoto mchanga anayenyonya, na bado unasema mwezi huu lazima ufunge kama wenzako. Sikugombezi. Kaa kwanza unisikilize, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Miaka ile ya sitini nilikuwa mgeni katika dini. Nilizaliwa Mkonzo wa milimani, nikasilimu nilipoolewa na babu yako, askari polisi, na ile ilikuwa Ramadhani yangu ya kwanza. Pale laini, kwenye zile nyumba za polisi, kila mke wa askari alikuja na kabila lake na jiko lake, na wote walikuwa wananichungulia. Ukionekana unatafuna mchana, wataambizana, "Si tulisema, huyo kasilimu kwa ajili ya mume." Hilo lilinitisha kuliko njaa.

Jirani yangu alikuwa Mama Zainabu, Mnubi, mke wa askari mwenzake babu yako. Mwanamke wa roho nzuri na sauti kubwa, akipiga chafya tunaitikia nyumba zote. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga. "Shindilia," aliniambia. "Daku kula bugali ya muhogo mpaka tumbo ligome, na samaki wa chumvi. Chumvi inashika maji mwilini. Hutasikia kiu."

Usicheke. Sisi tuliokaa karibu na ziwa la chumvi la Katwe tuliiamini chumvi kwa kila jambo. Jino likiuma, chumvi. Ng'ombe akikonda, chumvi. Basi nikaona hata kiu itaitii. Nikashindilia samaki mkavu, mweupe kwa chumvi, na bugali ngumu, halafu jagi la maji kwa mkupuo mmoja. Jua halijapanda vizuri, ulimi umeshagandamana na kaakaa. Jioni nilikimbilia mandazi na chai ya sukari nyingi, tumbo linajaa upepo, nalala bila kula chakula cha maana. Nilidhani ndiyo funga yenyewe ilivyo, mateso juu ya mateso.

Nje ya lango la polisi aliuza maharagwe mama mmoja wa Kongo, wa huko Butembo, Mama Kavira. Siku hiyo alikuwa anapepeta, hata hakuinua macho. "Mama Musa, mutoto iko na njaa," akaniambia. "Mimi niko Mukatoliki, sijui mambo yenu. Lakini mutoto hajabatizwa, hajasilimu. Yeye anajua maziwa tu."

Nilikasirika, kisha nikaona amesema kweli, kisha nikakasirika tena. Nimsikilize nani, Mwislamu mwenzangu anayenipenda au Mkatoliki aliyeona kilio cha mwanangu? Nikamuuliza babu yako. Akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mimi askari," akasema. "Afande akisema simama, nasimama. Hapa hata sijui afande ni nani." Nikacheka, halafu nikalia, halafu sikujua tena ninalia nini.

Katika hali hiyo ndipo mama mkwe wangu akateremka kwenye lori kutoka Katunguru, ambako alikuwa anakausha samaki. Kabla hata sijamwamkia vizuri nikamwambia, "Mama, nimefunga." Nilitaka ajue kwamba sikuingia katika dini kwa mchezo. Alimchukua mtoto, akampapasa utosi, akamtazama midomo.

"Midomo ya mtoto imekauka. Ulikula nini daku?"

Nikamwambia. Yeye mwenye kukausha na kuuza samaki wale wale, akafumba macho kidogo.

"Nani alikuambia mwenye kunyonyesha analazimishwa?"

"Hakuna, mama. Niliogopa."

"Uliogopa nani?"

Ningesema majirani? Ningesema ni yeye mwenyewe?

"Mgonjwa ameruhusiwa," akasema. "Msafiri ameruhusiwa. Na mwenye kunyonyesha akimhofia mtoto ameruhusiwa, atalipa siku zake baadaye. Mwenyezi Mungu amekupa ruhusa, wewe unamrudishia. Umemzidi dini?"

Akachukua jiko, akaliweka mlangoni, mchana kweupe, laini nzima inaona. Akanikorogea uji wa mtama wenye karanga. Midomo yake mwenyewe ilikuwa imepasuka kwa vumbi la njiani. Alipomaliza akaninyooshea mwiko. "Onja wewe, mimi nimefunga." Hapo nikachanganyikiwa zaidi, nikamuuliza kwa nini na yeye asile, si ni msafiri? Akasema, "Mimi nimejibeba peke yangu."

Nikanywa uji ule, aibu na njaa vikishindana. Mama Zainabu akaja, akasimama pale. Nilingoja ile sauti yake. Akasema taratibu, mpaka nikadhani si yeye, "Mimi hakuna aliyeniambia." Akarudi kwake.

Mwaka uliotangulia Mama Zainabu alikuwa amemzika mtoto mchanga. Mpaka leo sijui kama alikuwa anasema hilo. Sikuthubutu kumuuliza.

Maziwa yangu hayakurudi siku hiyo. Yalirudi polepole, kwa uji, maharagwe ya Mama Kavira, sombe ya majani ya muhogo na maji mengi. Baba yako alipoachishwa ziwa nikalipa siku zangu zote, na mara hii mama mkwe alinionyesha namna ya kula. Nilifungua kwa maji na ndizi mbivu, nikaswali, ndipo nikala chakula cha kawaida, bila pupa. Maji nilikunywa kidogo kidogo hadi kulala. Daku nilikula viazi vitamu na maharagwe, mwisho mwisho kabla ya alfajiri. Nililima nimefunga, mwanangu, na mwili haukulalamika.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiwa na nguvu zako, funga, lakini usilifanye daku kuwa gunia la kushindilia, wala futari kuwa mashindano. Chumvi na sukari zipunguze, maji yagawe usiku wako wote. Na sasa, ukiwa na huyo mchanga, ukiona maziwa yanapungua, kula. Kula mchana, bila kujificha, siku zako zinakungoja. Watakaosema waache waseme, midomo ni yao.

Mungu akujalie maziwa tele na mtoto mwenye mashavu, aipokee funga yako siku utakayoilipa, na amrehemu Mama Zainabu na mwanawe. Yeye hakuambiwa. Wewe nimekuambia.