Kinyozi wa Bodi ya Maktaba

Kinyozi wetu alipochaguliwa kuingia kwenye bodi ya maktaba ya mji, alinunua tai. Hatukumcheka mbele yake. Tulisubiri ageuke kuchukua taulo. Kiti chenyewe kilikuwa cha mwakilishi wa wasomaji, cha mwisho kabisa kwenye meza yenye mwenyekiti ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu, wakili mmoja, daktari wa meno, na mkutubi kama katibu. Lakini kinyozi alikikalia kama kiti cha enzi. Tangu siku hiyo, ukienda kwake kupunguza nywele, unapunguzwa pamoja na mhadhara.

"Bodi haiendeshi maktaba," alikuwa akitufundisha, mkasi ukilia sikioni. "Kuendesha ni kazi ya mkutubi. Sisi tunasema maktaba ni ya nani na ipo kwa ajili gani."

"Enhe, ni ya nani?" nilimchokoza siku moja.

"Ya kila mtu. Kama si hivyo, mimi ningefikaje pale?"

Nimpe haki yake: kusoma alikuwa anasoma kwelikweli. Kitabu hakikukosekana pale kwenye kioo, kando ya mashine za kunyolea. Na aliyemfikisha hapo ni dada yake. Mama yao alipofariki, dada mtu aliacha shule kabla herufi hazijamkaa kichwani, akaanza kufulia watu nguo ili mdogo wake avae sare. Hadi leo ni dobi, nyumba ya tatu kutoka kwa kinyozi. Mwaka ule alikuwa ameanza kwenda maktaba mchana, nguo zikiwa zinakauka kambani, na mkutubi akimfundisha kusoma kwenye meza ya watoto. Magoti hayakuingia chini ya meza, akawa anakaa upande. Wala hakujali. "Nikikwama, watoto wananidokeza," alikuwa akituambia.

Yaliyotokea kikaoni kinyozi aliyasema mwenyewe baadaye, tena bila kuulizwa. Bodi ilikutana kuandika upya dhamira ya maktaba. Ile ya zamani ilikuwa sentensi moja: Maktaba hii ipo kwa ajili ya wasomaji wote. Mwenyekiti alikuwa amechoshwa na wachukuzi wa mizigo wanaoingia kupumzisha miguu na kusinzia juu ya magazeti. Alipendekeza libadilishwe neno moja tu, wasomaji liwe wasomi.

Mkutubi alisema polepole, "Mwenyekiti, msomaji ni yeyote anayeshika kitabu. Msomi ni mtu mwenye elimu yake."

"Herufi mbili tu hizo," alisema wakili, na watu wakacheka.

Mwenyekiti akamgeukia kinyozi. "Wewe ndiye mwakilishi wao. Msomi mwenzetu, unaonaje?"

Msomi mwenzetu! Sisi tulikuwa tukimwita msomi kila siku, lakini kwa utani, na yeye alijua. Huyu hakuwa anatania. Kinyozi alikaza fundo la tai akasema, "Wasomi inapendeza zaidi." Hoja ikapita. Fundi wa rangi akaandika neno jipya ukutani, pale langoni, na mlinzi akapewa maagizo kwamba wasio wasomi wasijaze viti.

Siku chache baadaye mlinzi huyo, mgeni mtaani kwetu, alikuja kunyolewa. Tulikuwa tumejaa kwenye benchi. Ni mtu wa stori, na hiyo alikuwa nayo tayari.

"Leo nimepata mmoja," alisema akiwa na povu kidevuni. "Kaja mama na kitabu kakifunga kwenye kitambaa. Nikamuuliza, mama, umesoma mpaka wapi? Akaniambia, nimesoma mpaka pale mbuzi anapovunja ua!"

Tuliangua kicheko. Kinyozi alicheka kutuzidi, mpaka akaacha wembe ili asimkate mtu. Hapo mlinzi akaongeza, akifuta machozi, "Nikamwambia arudi tu nyumbani. Kanishukuru na mikono yake iliyochubuka kwa sabuni."

Hakuna aliyecheka tena. Sote tulimjua dobi mmoja tu aliyekuwa akienda maktaba. Kinyozi alisimama akiangalia kile kidevu chenye povu, midomo bado imekaa kama ya mtu anayecheka, nami nilitamani ardhi ipasuke inimeze kwa niaba yake. Alimaliza kunyoa.

Jioni alikwenda kwa dada yake na kumkuta anapiga pasi. Kitabu kilikuwa juu ya meza, kimefungwa vizuri.

"Afadhali umekuja, mdogo wangu," dada alisema. "Nirudishie hiki maktaba. Wamebadilisha utaratibu, sasa ni kwa wasomi kama nyinyi. Na yule mlinzi hakunikosea, kaniuliza kwa adabu."

Kinyozi alikichukua kitabu. Dhamira ya maktaba alikwishasaidia kuiandika. Sasa ya kwake ilikuwa inamsuta, wala haikuhitaji kikao.

Bodi ilipokutana tena alikwenda bila tai. Aliomba neno la zamani lirudishwe.

"Lakini ni wewe uliyekubali," mwenyekiti alisema.

"Nilikubali. Nilipenda ulivyoniita."

Mkutubi anasema watu waliinamisha macho kwenye makaratasi yao, na wakili ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kumuunga mkono. Neno likarudi. Mlinzi akaambiwa asimuulize mtu kitu, na fundi wa rangi akaitwa tena. Kinyozi angeweza kuishia hapo. Dada yake asingejua kamwe, angerudi mezani kwake na mambo yakaisha. Lakini aibu haikumwacha. Alikwenda na kile kitabu, akamweleza yote, hata kile kicheko.

Dada aliiweka pasi pembeni. "Ulijua mimi nasoma pale?"

"Nilijua."

"Sasa waliposema wasomi, mimi uliniweka wapi?"

Anasema alitafuta uongo wa kumpa akaukosa. "Sikukukumbuka, dada."

Dada alikunja shati la mteja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ungeniambia ulinionea aibu, ningekuelewa," alisema mwishowe. "Haya, lete kitabu changu. Kesho nitakwenda."

"Nitakusindikiza," kinyozi alisema haraka. "Nitaingia na wewe, wakuone."

"Hapana. Nitakwenda mwenyewe."

Kesho yake mchana nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni. Njia ya maktaba inapita mbele ya mlango wake, hakuna iliyo fupi zaidi. Alikuwa ameacha kuninyoa, amesimama kizingitini. Tulimwona dada akitoka nyumbani na kitabu mkononi, safari hii bila kitambaa. Aliangalia upande wetu, akatuona, akageuka kupita njia ya nyuma, ile ndefu ya kuzunguka soko.